Duma, Cheptegei na mtungi wa lita 20

Kuna jedwali ambalo halichoki kuzunguka. Usain Bolt upande huu, duma upande ule: Bolt kilomita 44 kwa saa, duma 120. Chini yao yumo sokwe mwenye nguvu za wanaume watano, kisha mbuni, kisha farasi, na kila mstari binadamu anaburuta mkia. Wanafunzi hulinakili, watangazaji hulisoma redioni asubuhi, na anayesikiliza huondoka akiamini kwamba Olimpiki ni mashindano ya viumbe dhaifu wanaopongezana wenyewe.

Kasoro ya jedwali hilo iko kwenye kipimo. Linachukua kilele cha kasi, kitu ambacho mnyama hukitumia kwa sekunde chache tu, na haliulizi kilele hicho hulipiwaje. Ukianza kuuliza gharama, kwa joto, kwa pumzi, kwa nishati inayochomwa kila kilomita, mpangilio mzima unageuka. Na baadhi ya wanaopanda juu wanapatikana hapahapa kwenye ukanda wa Busia na Tororo, karibu na Kiyeyi, mashariki mwa Uganda.

Kwanza hiyo 120. Kwa miaka mingi kasi za wanyamapori zilisomwa kwenye dashibodi ya gari lililokuwa likiwafukuza, na kila aliyesimulia aliongeza kidogo. Kipimo cha kwanza cha kuheshimika kilifanyika Kenya mwaka 1965. Daktari wa mifugo Craig Sharp alipima njia ya mita 201, akamtumia duma jike wa kilo 35 aliyekuwa akifukuzia nyama nyuma ya Land Rover, akashika saa. Wastani wa mbio tatu ulikuwa mita 29 kwa sekunde, yaani kilomita 104 kwa saa. Ni kasi ya ajabu, ila ilipatikana kwenye njia iliyopimwa, iliyo wazi, bila swala anayekata kona.

Porini mambo ni mengine. Alan Wilson na wenzake wa chuo cha tiba ya mifugo cha Royal Veterinary College, London, waliwavisha duma watano wa Botswana kola zenye vipima mwendo, wakakusanya mbio 367, na matokeo yakachapishwa 2013. Kasi ya juu kabisa ilikuwa kilomita 93 kwa saa. Mbio nyingi hazikufika hata karibu na hapo. Wastani wa kilele ulikuwa kama kilomita 53, na wastani wa umbali mita 173. Kilichoamua kama duma atakula au atalala njaa ni jinsi anavyochomoka, anavyofunga breki na anavyogeuka. Miaka mitano baadaye kundi hilohilo liliwapima simba na punda milia, duma na swala pala. Misuli ya wawindaji ilikuwa na nguvu kwa asilimia 20 zaidi ya ile ya mawindo. Swala pala anayejua kazi yake hakimbii kwa nguvu zote. Anabaki kwenye mwendo wa wastani ili dakika ya mwisho ageuke ghafla na adui apitilize.

Kwa hiyo kumlinganisha duma na Bolt ni kulinganisha kazi mbili tofauti. Kwenye mita 100 za Berlin, tarehe 16 Agosti 2009, Bolt alijua umbali, alijua njia, na hakuna mtu aliyegeuka mbele yake. Alipiga hatua 41, kilele chake kikawa kati ya mita ya 60 na ya 80, na saa ikasimama kwenye sekunde 9.58. Hata hivyo, tusijidanganye: kwenye mita 100 zilizonyooka hana lake. Duma wa bustani ya wanyama ya Cincinnati aitwaye Sarah alizimaliza kwa sekunde 5.95 mwaka 2012. Uti wa mgongo wa duma unajikunja na kujikunjua, miguu yote minne inaachana na ardhi, na hatua moja inameza mita 6 hadi 7. Mwili wetu hauna namna ya kuijibu hiyo.

Habari ya sokwe kuwa na nguvu mara tano ni ya kupunguzwa zaidi. Ilitokana na majaribio ya miaka ya 1920 kwenye bustani za wanyama, ambayo hayakuwa na udhibiti wa maana. Mwaka 2017 watafiti walipima nyuzi za misuli ya sokwe zenyewe na kukuta tofauti ya kama mara 1.35 kwa uzito uleule wa msuli. Sababu yake ndiyo inayotufaa hapa. Takriban theluthi mbili ya nyuzi za sokwe ni zile za haraka, zinazolipuka na kuchoka. Kwetu karibu asilimia 70 ni nyuzi za polepole. Nguvu ya mkupuo mmoja tuliipoteza, tukabaki na misuli inayoweza kufanya kazi kutwa.

Sasa twende kwenye kazi ya kutwa. Mawingu yakiruhusu, kutoka nyanda za Tororo unauona Mlima Elgon upande wa kaskazini, na nyuma ya bega lake iko Kapchorwa, alikozaliwa Joshua Cheptegei. Tarehe 7 Oktoba 2020, mjini Valencia, Cheptegei alikimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 kamili, akaiondoa rekodi ya Kenenisa Bekele ya 26:17.53 iliyokuwa imedumu tangu 2005. Mita 5,000 za kwanza zilichukua dakika 13 na sekunde 7. Za pili, dakika 13 na sekunde 3. Alikuwa na waongoza mwendo mwanzoni, na taa zilizopangwa ukingoni mwa njia zilikuwa zikimwonyesha mwendo wa rekodi. Wapo walionung'unikia taa hizo. Mimi naona zinaeleza vizuri kilichofanyika: hazikumsukuma, zilimzuia asifanye papara. Rekodi ile ilijengwa kwa kukataa kilele cha aina yoyote.

Kilomita 22.9 kwa saa, huo ndio wastani wake. Kwa kob, swala aliye kwenye nembo ya taifa la Uganda, huo ni mwendo wa kujinyoosha viungo. Lakini mwambie kob aushikilie kwa kilomita 10 chini ya jua, bila kivuli na bila kusimama, hapo tutaanza kuzungumza.

Hesabu ya joto ndiyo inayoamua. Binadamu anayekimbia hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mkimbiaji wa kilo 55 atatumia kama kilokalori 550 kwa kilomita 10, na sehemu kubwa sana ya nishati hiyo huishia kuwa joto. Mwili wa uzito huo hupanda nyuzijoto 1 kwa kila kilokalori 46 hivi. Kama joto lote lingebaki ndani, angekuwa amepanda zaidi ya nyuzi 10 kabla hajamaliza, na mtu hufa mapema zaidi ya hapo. Anayemwokoa ni jasho. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na karibu kilokalori 580, na binadamu ana tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, juu ya ngozi isiyo na manyoya ya kuzuia upepo. Lita moja tu, basi, inatosha kulipa deni zima la mbio za Valencia, ilimradi ikauke badala ya kudondoka.

Mnyama mwenye manyoya hana njia hiyo, au anayo kidogo. Wengi hutegemea kuhema. Na kuhema kuna tatizo la kimuundo ambalo Dennis Bramble na David Carrier walilieleza mwaka 1983: mnyama wa miguu minne anapokimbia kwa kasi, viungo vya ndani husukumwa mbele na nyuma kila hatua, hivyo pumzi hufungwa kwenye hatua, pumzi moja kwa hatua moja. Hawezi kuhema harakaharaka huku akikimbia. Binadamu, aliyesimama wima, anaweza kuvuta pumzi moja kwa hatua mbili, tatu au nne, akabadilisha apendavyo katikati ya safari.

Richard Taylor wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyefanya kazi Muguga karibu na Nairobi miaka ya 1960 akichunguza jinsi pofu na choroa wanavyovumilia joto, alionyesha baadaye ujanja wa swala tomi. Akikimbizwa kwa kilomita 40 kwa saa kwa dakika chache, damu yake hupanda joto vibaya, lakini ubongo hubaki chini kwa karibu nyuzi 3, kwa sababu damu inayokwenda kichwani hupozwa kwanza karibu na mapitio ya pua. Mnyama huyo halipi deni la joto. Analiweka kando, akitumaini kwamba mbio zitaisha kabla ya siku ya kulipa. Na kwa kawaida huisha. Mbio za duma ni mita 173 tu kwa wastani.

Taylor huyohuyo aliwahi kuandika, mwaka 1973, kwamba duma huacha kukimbia kwa sababu ya joto, baada ya duma wa maabara kugoma walipofika nyuzi 40.5. Vitabu vingi bado vinalirudia hilo. Mwaka 2013 Robyn Hetem na wenzake walitumia vipima joto vilivyowekwa ndani ya miili ya duma wa Namibia, wakakuta kwamba joto halipandi sana wakati wa mbio zenyewe. Linapanda baada ya hapo, na linapanda zaidi kwa aliyefanikiwa kukamata kuliko kwa aliyekosa. Maelezo yao ni wasiwasi: aliyeua anakaa macho akihofia kunyang'anywa. Maabara na porini ni vitu viwili, na jedwali letu la mwanzo limejaa takwimu zisizotofautisha.

Lazima niongeze jambo linaloharibu kidogo sifa zetu. Kwa kila kilomita, mbio za binadamu ni ghali kuliko za mnyama wa miguu minne wa uzito uleule. Carrier aliliita jambo hili kitendawili mwaka 1984. Nafuu yetu iko kwingine. Mwaka 1981 Donald Hoyt na Taylor walipima farasi wadogo wakitembea, wakienda matiti na wakikimbia. Kila aina ya mwendo ilikuwa na kasi moja iliyo rahisi, na nje ya kasi hiyo gharama ilipanda. Kwa binadamu anayekimbia, gharama ya kilomita hubaki karibu ileile, uende polepole au haraka. Anayemfuata mnyama anaweza basi kuchagua mwendo mbaya kwa mnyama: wa haraka mno kwa matiti, wa polepole mno kwa mbio.

Hivyo ndivyo wawindaji wa Kalahari walivyomshinda tandala, kama Louis Liebenberg alivyoshuhudia na kuandika mwaka 2006: saa kadhaa za kufuata nyayo, kilomita 17 hadi 35, joto la nyuzi 39 hadi 42, mpaka mnyama akasimama mwenyewe. Nisingetegemea mbinu hiyo ifanikiwe kirahisi Kiyeyi. Hewa ya ukanda huu, karibu na Ziwa Viktoria, ina unyevu, na jasho lisilokauka halipozi kitu.

Mpaka hapa mpinzani amekuwa mtu mwenye medali au mwindaji. Ila utafiti wa eneo letu unaonishangaza zaidi haukuhusu mwanamichezo hata mmoja.

Kwanza chukua kanuni ya wanyama. Mwaka 1980 Taylor na wenzake waliwabebesha mizigo panya, mbwa, farasi na binadamu wanaokimbia. Jibu lilikuwa moja kwa wote: ongeza mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili, na nishati inayotumika itapanda kwa asilimia 20. Hakuna cha bure. Mwaka 1986 jarida la Nature likachapisha kurasa mbili zilizoandikwa na Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Norman Heglund, Giovanni Cavagna, Taylor na mwenzao mwingine. Walikuwa wamepima oksijeni inayotumiwa na wanawake wa Kiluo wanaobeba juu ya kichwa, na wa Kikuyu wanaobeba kwa mkanda wa paji la uso. Mzigo hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nishati hata kidogo. Baada ya hapo gharama ilianza kuhesabiwa: mzigo wa asilimia 30 uliongeza asilimia 10, wa 40 uliongeza 20.

Ipeleke hesabu hiyo Kiyeyi. Jopadhola, wenyeji wa hapa, ni ndugu wa Waluo wa Kenya kwa lugha na asili, na mtungi wa plastiki wa lita 20 juu ya ngata ni jambo la kila siku. Mama wa kilo 60 anayebeba mtungi uliojaa ana theluthi moja ya uzito wake kichwani. Kwa kanuni ya farasi, angelipa nyongeza ya asilimia 33. Kwa kanuni ya Nairobi, analipa kama 13. Kilo 12 za kwanza zimepita forodhani bila ushuru.

Zimepitaje? Ilichukua miaka tisa kupata jibu. Mtu akitembea, mwili hupanda juu ya mguu uliosimama huku ukipunguza mwendo, kisha hushuka huku ukiongeza, kama bembea iliyopinduliwa juu chini. Nishati ya kimo hugeuka kuwa ya mwendo, na ya mwendo kuwa ya kimo. Mtu wa kawaida huokoa takriban asilimia 65 ya nishati hiyo. Inayobaki hutolewa na misuli, na ndiyo inayotuchosha. Mwaka 1995 Heglund na wenzake waliwatembeza wabebaji juu ya mabamba yanayopima nguvu ya kila hatua. Mzigo ulipoongezeka, uokoaji wa wanawake wale ulipanda hadi karibu asilimia 80. Uchunguzi uliofuata ulionyesha mahali penyewe: muda mfupi sana mara baada ya kilele cha hatua, ambapo wengi wetu tunashuka bila kimo kugeuka mwendo wa mbele. Wao, wakiwa na mzigo, huupunguza upotevu huo. Misuli yao si tofauti na yetu. Wamerekebisha kosa la muda ambalo hatukujua kwamba tunalo.

Hapa ndipo shangwe inapotakiwa kupunguzwa sauti. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake waliwapima wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini, baadhi wakiwa wamebeba kichwani maisha yao yote, wengine hawajazoea kabisa. Kwa wastani hawakuona mzigo wa bure. Waliona tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, na miaka ya uzoefu haikutosha kuieleza. Wengi walilalamikia shingo. Sidhani matokeo hayo yanafuta yale ya Nairobi; wanawake waliopimwa mwaka 1986 walikuwa wachache, na huenda walikuwa hodari kuliko kawaida, kama Cheptegei alivyo kati ya wakimbiaji. Tofauti ni kwamba yeye alichujwa kwa mashindano, akapewa viatu na kocha. Anayeokoa asilimia 80 kwenye njia ya kisima hana saa inayomwambia kwamba yeye ni bingwa, na shingo yake inalipa deni ambalo kipimo cha oksijeni hakilioni.

Upo ufundi mwingine wa mpakani unaostahili mstari kwenye jedwali. Boda boda zilianza Busia miaka ya 1960 zikiwa baiskeli, abiria akikaa kwenye kerea kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine. Mwaka 1973 S. S. Wilson alichapisha kwenye jarida la Scientific American mchoro wa gharama ya usafiri, kwa kila gramu ya mwili kwa kila kilomita, uliojumuisha ndege, samaki, farasi, magari na helikopta. Binadamu anayetembea alikuwa katikati, hana la kujivunia. Binadamu juu ya baiskeli aliwapita wote, wanyama na mashine, kwa gharama ya takriban moja ya tano ya kutembea. Sababu ni nyepesi kueleza: tandiko limebeba mwili, kwa hiyo misuli haitumiki kumshikilia mtu asianguke wala kumwinua na kumshusha kila hatua. Nguvu yote inakwenda mbele.

Mchoro ule ulihesabiwa kwa mtu aliye peke yake. Mwendesha boda boda wa Busia alikuwa na baiskeli ya Black Mamba ya karibu kilo 20, abiria wa kilo 65 nyuma, na mara nyingi mkungu wa ndizi juu ya mapaja ya abiria. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa taratibu, upepo anaoukata hauongezeki sana kwa sababu ya abiria aliyejificha mgongoni pake. Kinachoongezeka ni msuguano wa magurudumu, ambao ni mdogo tangu mwanzo. Ukigawa gharama kwa kilo zote zilizosogea, mtu yule anashuka chini hata ya nukta ya baiskeli ya Wilson, mahali ambapo mchoro haukuweka kiumbe yeyote. Kilima kikianza tu, hesabu hii inakufa, na ndiyo maana abiria aliambiwa ashuke atembee.